Kabla ya kumlaumu muuza mayai, yavunje

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu wa Muheza, ambaye barua yake mliitoa wiki mbili zilizopita. Alieleza kwa uchungu kwamba aliweka mayai 50 kwenye mashine ya kutotolesha aliyoinunua kwa pesa za machungwa, akaambulia vifaranga sita. Kwake yeye kesi imekwisha: wauza mayai ya kutotolesha ni matapeli, wanauza mayai ya kuku wasiojua jogoo, na serikali iwachukulie hatua.

Bwana huyo simjui, wala biashara ya mayai si yangu. Ila barua yake niliisoma mara tatu, na mara zote tatu nilitafuta sentensi moja nisiione. Hakusema popote kwamba yale mayai 44 yaliyobaki aliyavunja akatazama ndani mna nini. Nami nisingeuliza hilo kama si yaliyonikuta mwenyewe. Naona haya kuyaandika, lakini nitayaandika.

Mimi ni fundi redio. Nimekaa miaka 31 kwenye kibanda kimoja hapa Ngamiani, Tanga, tangu enzi za redio za betri kubwa sita hadi zilipoingia simu zenye redio ndani yake na wateja wakaanza kupita wakinisalimia tu. Fundi redio ana ugonjwa mmoja: akiona kitu kina waya anaamini anaweza kukiunda. Mpwa wangu aliponionesha kwenye simu mashine ya mayai ikiuzwa laki nne na nusu, nikamuuliza, laki nne na nusu ya nini? Sanduku, balbu, feni na thamostati ya kudhibiti joto? Nikaunda yangu. Ganda la friji bovu, balbu mbili za wati 40 za zile za zamani (hizi za kisasa zinatoa mwanga, joto hazina), feni ndogo iliyotoka kwenye kompyuta, na thamostati niliyoiagiza Dar es Salaam. Nikatoboa matundu manane ya hewa, manne chini manne juu. Mke wangu akaizunguka, akaitazama, akasema inafanana na jeneza la mtoto. Nikamwambia aseme astaghafiru.

Mayai niliyafuata Pongwe, kwa mama mmoja anayefuga kuku wa kienyeji na machotara. Ana makoo hamsini na ushee na majogoo sita, kila yai la kutotolesha shilingi 700. Siku ya kwanza alikuwa nayo 30 tu. Nikayabeba, nikayapanga juu ya friji letu la jikoni, lile linalofanya kazi, nikangoja. Baada ya siku tisa nikarudi kuchukua mengine 26, yakawa 56, nikayaingiza yote mashineni siku moja. Ilikuwa Novemba. Joto la Novemba la Tanga halihitaji maelezo kwa anayelijua.

Kipimajoto kilisoma nyuzi 37.5, kama inavyotakiwa kwenye mashine yenye feni. Nikageuza mayai asubuhi, mchana na usiku, sikukosa hata mara moja, hata siku ya maziko ya shemeji yangu nilimwachia mpwa. Nikaweka sahani mbili za maji tangu siku ya kwanza, kama nilivyoona kwenye video ya mzungu mmoja aliyevaa sweta. Siku ya 21 nikaamka alfajiri, nikaswali, nikaenda kutega sikio. Kimya. Siku ya 22 wakatoka wawili. Hadi ya 23 jioni wamefika 13, wengine vitovu havijafunga, miguu imelegea. Yakabaki mayai 43.

Wahenga walisema kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, akiangua halei, akilea huchukuliwa na mwewe. Nikajiona nimefika kituo cha pili.

Sasa angalia nilichofanya, bwana wa Muheza, maana ndicho ulichofanya wewe, isipokuwa wewe uliandika gazetini na mimi nilipanda daladala. Nilitia mayai yote 43 kwenye ndoo, nikafunika kwa kanga ya mke wangu bila idhini yake, nikaenda Pongwe nayo kama kidhibiti cha mahakamani. Kondakta akauliza, "Mzee, ndoo ina nini?" Nikamwambia mayai. Akataka niipakate. Nilipoipakata, abiria wa pembeni yangu akafungua dirisha, kisha akashuka kabla ya kituo chake, au labda ndicho kilikuwa kituo chake, sijui.

Yule mama nilimkuta anachekecha pumba.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Nimekuletea mayai yako."

"Yamefanyaje?"

"Hayana jogoo."

Nilitegemea atakuja juu. Nilishajipanga. Badala yake akaweka chekeche chini, akanawa mikono, akanitazama kama anavyotazamwa mgonjwa. "Umeyavunja, mzee wangu?" Nikamjibu kwamba mayai yaliyooza siyavunji, nayatupa. "Basi umejuaje kama hayana jogoo?" Sikuwa na jibu. Akaingia ndani, akatoka na beseni, kijiko, gunia kuukuu na majivu ya kumwagia. "Keti. Tuyaulize."

Tukakaa nyuma ya banda, upande ambao upepo ulikuwa ukitutoka mgongoni, tukayauliza. Alikuwa anagonga upande mnene wa yai, ule wenye chumba cha hewa, taratibu, mkono ameunyoosha mbali na uso, anabandua ganda kidogokidogo kama anamenya yai la kuchemsha. Kila lililovunjwa alilipeleka sehemu yake juu ya gunia. Mwanzoni niliona uchafu tu. Baada ya mayai kumi hivi macho yakafunguka.

Yai ambalo jogoo hakulifikia linabaki na kiini chake cha njano na juu yake kidoa kidogo cheupe, kigumugumu, kama tone la chokaa. Hakuna kingine. Yai lililopata jogoo, kiinitete (kifaranga anayeanza kujiumba) kikafa siku mbili za mwanzo, ukilimulika kwa tochi utaapa ni tupu, lakini ukilivunja unakuta kile kidoa kimetanuka, kimekuwa kama maziwa yaliyomwagika juu ya kiini. Likifa siku ya tatu au ya nne kuna pete ya damu. Na kuendelea hivyo: jicho jeusi, kisha kijimwili, kisha manyoya, kisha kifaranga kamili aliyekunja shingo.

Hesabu yetu ilikuwa hivi. Yasiyo na jogoo matano. Yaliyokufa siku za mwanzo, ya kidoa kilichotanuka na ya pete ya damu, 19. Ya katikati sita. Vifaranga kamili waliofia ndani 11. Mawili yalikuwa viza la kupasuka, hayakusema kitu, ila moja kati yake lilitusemesha sisi.

Yule mama akanyoosha kidole kwenye lile fungu la kwanza. "Yangu ni haya matano. Haya nakulipa." Akafungua fundo la kanga, akanihesabia shilingi 3,500. Nilikataa. Kisha, nisidanganye, nilizipokea. Halafu akasema, "Na haya mengine jogoo alishafanya kazi yake, mzee wangu. Kazi iliyobaki ilikuwa ya nani?"

Wakati ule ndipo nilipoanza kuulizwa maswali badala ya kuuliza. Yale 30 ya mwanzo yalikaa siku ngapi kabla ya kuingia mashineni? Tisa. Yalikaa wapi? Juu ya friji. Akacheka mpaka akajifuta machozi. Juu ya friji ya nyumba za kwetu pana vuguvugu mchana na usiku, na mimi fundi najua friji inatoa joto lake wapi. Kiinitete kinaanza kujitingisha joto likivuka nyuzi 21 hivi. Siyo joto la kumwamsha kabisa, wala ubaridi wa kumlaza. Anakuwa kama mtu aliyeamshwa usiku wa manane akaambiwa asubiri, safari bado. Siku ya tatu, ya nne, anachoka. Vitabu vinasema mayai ya kutotolesha yahifadhiwe kwenye nyuzi 13 hadi 18, yasizidi siku saba. Nyuzi 13 Tanga mjini utazipata wapi? Yule mama huyaweka ndani ya beseni la mchanga pembeni ya mtungi wa maji, juu amefunika gunia bichi lililokamuliwa, ncha nyembamba ikitazama chini, na hauzi yaliyopita siku nne. Tena hayaoshi. Ganda lina utando wake wa kuzuia vijidudu, ukiliosha umelivua nguo.

Kuhusu wale 11 kamili, alinionesha chumba cha hewa. Kilikuwa kidogo, kama ukucha, na vifaranga walikuwa wamelowa, wamevimba shingo, wananatanata. "Hawa walizama," akasema. Yai linatakiwa kupoteza maji kadiri siku zinavyokwenda, ili chumba cha hewa kipanuke na kifaranga apate pa kuvutia pumzi ya kwanza. Yai la gramu 50 likifika siku ya 18 liwe limeshuka hadi gramu 44 hivi. Yule mzungu wa sweta anaishi kwenye hewa baridi na kavu, sahani mbili za maji ni halali yake. Mimi nipo mita mia chache kutoka baharini, ninapoishi chumvi inageuka maji kwenye kopo lake. Hapa kwetu sahani moja ndogo inatosha hadi siku ya 18, wakati mwingine hata hiyo naitoa, kisha siku tatu za mwisho ndipo naongeza maji ya kutosha ili utando usimkaukie mtoto akiwa anatoboa.

Nilirudi nyumbani na ndoo tupu, na swali moja lilikuwa halijajibiwa. Kwa nini walichelewa hadi siku ya 22 na 23? Joto likizidi kidogo vifaranga hutoka mapema, wadogo, vitovu vina damu. Likipungua huchelewa na wanatoka wamelegea. Wangu walichelewa, na kipimajoto changu kilisema 37.5 siku zote. Nikabisha hodi kwa jirani yangu muuguzi, nikaazima kipimajoto cha homa, nikatia maji ya vuguvugu kwenye bilauri, nikavitumbukiza vyote viwili. Cha muuguzi: 37.5. Changu: 38.7. Maana yake nilipokuwa nasoma 37.5, mayai yalikuwa kwenye 36.3. Miaka 31 nimekuwa nikiwakaripia vijana wanaojifunza kwangu: kabla hujailaumu saketi, pima kwanza multimita yako ya kupimia umeme. Mmoja wao sasa ana duka lake kubwa kuliko langu. Naomba asisome barua hii.

Nimesoma kwamba Misri, tangu zamani sana, walikuwa wakitotolesha maelfu ya mayai kwenye matanuri ya matofali ya udongo, wakichoma samadi, bila kipimajoto chochote. Mtotoleshaji alichukua yai akaligusisha kwenye kope la jicho. Nimejaribu. Kope linajua zaidi ya nilivyodhani, ila linataka miaka ya mazoezi, na kipimajoto cha homa kinauzwa kila duka la dawa.

Ningeishia hapo ningeonekana nimejifunza. Sikujifunza. Februari niliweka mayai 40, yote mapya, kipimajoto kimesahihishwa kwa kalamu ya wino mwekundu pembeni. Siku ya saba nikamulika usiku, nikaona mishipa imetandaa kama mizizi ya mkoko, nikatoa matupu manne na yenye pete mawili. Hadi siku ya 18 yalikuwa yamebaki 33, yote yanacheza. Nikaacha kuyageuza, nikaongeza maji, nikafunga mlango. Siku ya 19, saa nne usiku, umeme ukakatika.

Nikapaniki. Nikachukua blanketi zito, nikaifunika mashine yote, nikalichomeka kila upande joto lisitoke, nikajilaza pembeni ili nilitoe umeme ukirudi. Umeme ulirudi saa saba za usiku, nami nimelala fofofo. Blanketi nililitoa alfajiri.

Walitoka 12. Mpwa wangu, majirani, hata imamu aliyekuja kunipa pole, wote walikuwa na jibu moja: umeme. Nami nililipenda jibu hilo. Lilikuwa tamu. Nilikuwa nimeshakunja karatasi nimwandikie mhariri kuhusu umeme na wafugaji wadogo, barua nzuri yenye hasira. Mke wangu akaniletea beseni na kijiko, akaviweka mlangoni bila kusema neno.

Nikavunja mayai 21, peke yangu, nyuma ya choo. Wote walikuwa vifaranga kamili. Kiini kilikuwa kimeshaingia tumboni karibu chote. Kumi na wanne walikuwa wameshachoma utando, mdomo uko ndani ya chumba cha hewa, yaani walikuwa wameshaanza kupumua. Baridi haiui wote kwa mkupuo vile, tena kwa saa tatu tu ndani ya sanduku la friji lililofungwa. Koo mwenyewe huacha mayai dakika 15 au 20 kila siku akatafute chakula na kuoga vumbi, na hawafi. Nikakumbuka kwamba kipimajoto changu kina kitufe cha kuonesha joto la juu kabisa lililofikiwa. Nikakibonyeza. Hata baada ya kutoa ile tofauti yangu ya wino mwekundu, kilibaki 40.6.

Kifaranga wa siku ya 19 ni jiko dogo, anatoa joto lake mwenyewe, na anataka hewa kuliko wakati wowote. Nilikuwa nimeyaziba matundu yote manane, kisha balbu na feni vikarudi kufanya kazi chini ya blanketi. Umeme haukuua hata mmoja. Niliwaua mimi, kwa huruma. Ile barua ya hasira niliichana.

Nikuambie la kukuudhi zaidi. Siku hizohizo mke wangu alikuwa na koo wake aina ya kuchi, wale kuku warefu wa pwani wenye ukorofi, analalia mayai 12 kwenye pakacha bovu nyuma ya mlango wa jiko. Umeme ulipokatika yule kuku hata hakugeuza shingo. Akaangua 11. Mke wangu alimpitisha na watoto wake mbele ya mashine yangu, makusudi kabisa, akasema, "Baba Mwana, huyu hana waya." Na nikiwa mkweli, kwa mwenye kuku watatu wanne wanaolalia vizuri, mashine ya nini? Asubiri wafike wawili watatu wanaotaka kulalia wakati mmoja, awategeshee mayai mabovu wakae, kisha usiku mmoja awape wote mayai mapya, kumi hadi 13 kila mmoja kadiri ya upana wake. Wataangua siku moja, na watoto wote anaweza kumpa mmoja alee, waliobaki warudi kutaga. Mama yangu alifanya hivyo Mwambani kabla sijazaliwa. Aliweka na kipande cha mkaa chini ya mayai, ati radi isiyaharibu. Mkaa sina ushahidi nao.

Awamu ya tatu nayo ilikuwa mayai 40. Walitoka 31, siku ya 20 usiku hadi ya 21 adhuhuri, nami nimekaa juu ya mikono yangu nisifungue mlango kuwasaidia, maana kila ukifungua unyevu unatoka, na utando unamkaza aliyebaki kama bandeji. Waliotangulia wanaweza kungoja. Kiini kilichoingia tumboni kinawatosha siku mbili bila kula. Yaliyobaki tisa niliyavunja jioni ileile. Manne hayana jogoo. Mawili pete ya damu. Mawili kifaranga amegeuka, kichwa kipo upande mwembamba ambako hakuna hewa, na nikakumbuka kwamba safu moja ya trei niliipanga usiku kwa haraka, inawezekana kabisa niliyaweka miguu juu kichwa chini. Moja alitoboa akachoka.

Hapa ndipo naomba uniruhusu, mhariri, nikuguse na wewe kidogo. Kwenye gazeti lako hilihili hutoka matangazo ya mashine zinazototoa asilimia 98. Asilimia ya nini? Mimi awamu yangu ya tatu naweza kukwambia nimepata asilimia 86 nikihesabu yale 36 tu yaliyokuwa na jogoo. Nikihesabu yote 40 niliyoyalipia, ni asilimia 77 na nusu. Zote mbili ni kweli. Ya kwanza ndiyo ya kukuuzia mashine, ya pili ndiyo ya kwenda nayo sokoni Mgandini. Mtu wa Muheza akisoma 98, akaweka 50, akapata sita, lazima amtafute mwizi, na mwizi wa karibu ni mama aliyemuuzia mayai. Mkiyapokea matangazo hayo, waulizeni basi wenyewe waandike walihesabu kuanzia wapi. Na mashine iuzwe na kipimajoto kilichosahihishwa. Duka moja nililopita kuulizia lilikuwa na mashine tano zimewashwa mstari mmoja, vioo vyake vinasoma 37.8 zote. Nilitumbukiza kipimajoto cha jirani yangu kwenye mbili, zikapishana nyuzi nzima moja. Muuzaji akaniomba nisiguse bidhaa.

Sisemi kwamba matapeli hawapo. Wapo. Wapo wanaopita mabanda ya kuku wa mayai ya dukani wasio na jogoo hata wa dawa, wakauza trei kama mbegu. Ila huyo anakamatika kirahisi: ukivunja utakuta kile kidoa cha chokaa kwenye yai baada ya yai, baada ya yai. Hapo una kesi. Peleka ganda, piga picha, simama mbele yake. Kama kuna damu, jicho, unyoya, basi uliuziwa yai zima na mtoto akafia mikononi mwako, na lazima urudi nyuma uulize siku, joto, maji, hewa.

Kulea sitakugusia, ni barua nyingine, ila chanjo ya kideri usisahau, tone moja jichoni, na irudiwe kila miezi mitatu. Wale 31 wangu wamebaki 27. Wawili waliminywa na wenzao usiku taa ilipopungua nguvu, mmoja sikujua sababu, na mmoja, wallahi, alichukuliwa na mwewe.

Mwisho niseme nimeshazungumza na yule mama wa Pongwe kuhusu bwana wa Muheza. Kama mayai yale 44 bado anayo, yawe yamefikia hali gani, ayalete. Hatatozwa kitu, na yasiyo na jogoo yatalipwa kama ni yake yeye yule mama, na kama si yake atajua amfuate nani. Ila aje asubuhi kabla ya saa nne. Ikifika mchana upepo wa bahari unageukia kwenye nyumba za majirani, na wameshaenda kwa mjumbe mara mbili.

Fundi redio mstaafu,
Ngamiani, Tanga